Kasi ya Makombo

Jumapili ile Glenda Stathers aliamka na neno moja limemkaa kooni, nalo lilikuwa "basi". Alikusudia kulisema siku hiyo hiyo, onyesho likishamalizika, wakati yeye na Nev wanapakia ngoma garini. Akishalisema tu, bendi yao imekufa, maana ndivyo walivyokubaliana tangu ujana wao: mmoja akisema hapana, ni hapana, na mwenzake haulizi sababu. Alikunywa chai yake amesimama, akaangalia paa za nyumba za mji wa Hull, Uingereza, zilizolowa mvua, na moyo ukamuuma. Alikuwa anakwenda kuua kitu alichokipenda kuliko nyumba yake.

Tuanzie nyuma kidogo ili uelewe uzito wa jambo lenyewe. Glenda na Nev Brocklesby walikutana wakiwa vijana wasio na kazi, enzi zile meli za uvuvi zimekwisha kufa na serikali ikiwapeleka vijana kupaka rangi nyuzio za makaburini ili mradi waonekane wana shughuli. Glenda alikuwa amegeuza makopo ya rangi kichwa chini, anayapiga kwa mipini ya brashi. Nev akasimama kumtazama, mrefu, mwembamba, masikio nje.

"We dada, hiyo kelele au muziki?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Hakuna. Njoo kwetu kesho, nina gitaa. Lina nyuzi tano, wa sita ulikatika."

Ndiyo mwanzo. Walimtafuta wa tatu wa kupiga besi, wakampata kijana mmoja mwenye nywele za kijani. Akaja mazoezini mara moja, akasema anatoka kidogo kununua sigara, na wanamsubiri mpaka leo. Wakaona isiwe tabu. Wakabaki wawili na kujiita Makombo, kwa zile chembe za unga wa kukaanga zinazobaki kwenye mafuta dukani kwa muuza samaki na chipsi, ambazo hupewa mtu bure akiomba kwa adabu.

Kila wimbo wao ulikuwa hauchukui hata muda wa kuchemsha yai. Nev alipiga kelele kuhusu mwenye nyumba, ofisi ya ajira, mvua, na mara moja kuhusu mbwa wa jirani. Glenda alipiga ngoma kama mtu anayekimbizwa. Raha yake ilikuwa kwenye ile kasi, pale wimbo unapokaribia kabisa kuanguka, kila mtu ukumbini anaona unaanguka, halafu hauanguki. Hakuna kitu kingine duniani kilichompa furaha ya namna ile. Mume alimpata na akamwacha, wala hakumpa.

Santuri zao walizitengeneza wenyewe, na majalada waliyakunja na kuyagundisha mezani jikoni kwa mama yake Glenda, Bi Maud, mjane wa mvuvi, mwanamke asiyetafuna maneno.

"Hii ni sanaa, mama," Glenda alimwambia.

"Sanaa gani! Huyo mwenzio anaimba kama paka aliyebanwa na mlango." Na huku ananung'unika, alikunja mengi kuliko wao wote wawili, tena yake ndiyo yaliyonyooka.

Walizunguka sana. Glenda alipata kazi ya kupakua chakula cha mchana shule ya msingi, Nev akawa tarishi wa posta, kwa hiyo Makombo ilikuwa bendi ya panki, muziki wa kasi na kelele, iliyofuata likizo za watoto wa shule. Kila kiangazi walipanda gari bovu lililowahi kubeba mikate, wakavuka bahari kwenda Uholanzi na Ujerumani, wakalala sakafuni kwa watu wasiowajua na kula dengu kutoka sufuria kubwa la aliyewaalika, maana watu wa panki wengi hawagusi nyama. Hakuna aliyetajirika. Hakuna aliyelalamika pia, ila mgongo wa Nev.

Na ile kanuni yao ilipimwa mara mbili. Mara ya kwanza alikuja bwana mmoja kutoka kampuni ya muziki ya London, viatu vinang'aa, na mkataba mkononi. Nev alisema hapana. Glenda alikuwa amekwisha kujiona kwenye magazeti, masikini, akaenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi, hakuuliza. Mara ya pili walialikwa Amerika, mwezi mzima wa maonyesho, ndoto ya Nev tangu utoto. Bi Maud alikuwa anaumwa ugonjwa ambao hakupona. Glenda akasema hapana. Nev akasema "haya", na kesho yake akaja na begi lake la barua, akacheza karata na mgonjwa mpaka alasiri, na barua za mtaa mzima zikachelewa. Hakuuliza. Glenda hakuisahau heshima ile, na ndiyo maana aliishika kanuni kama amri ya dini.

Sasa sikia balaa lilipoanzia. Majira ya baridi, miaka sita kabla ya Jumapili hiyo, Nev akiwa katika mzunguko wake wa barua, alishikwa na maumivu ya kifua akaanguka kwenye lango la mtu. Akapelekwa hospitali, wakamwekea kibomba kidogo ndani ya mshipa wa moyo. Alipopona akarudi mazoezini, amepungua, rangi ya uji. Glenda alipomwona hivyo aliogopa. Ni yeye anayegonga vijiti mara nne kuanzisha wimbo, kwa hiyo kasi iko mikononi mwake. Siku ile aligonga taratibu kidogo. Kidogo tu, amwonee huruma mwenzake.

Lakini baridi ileile Glenda naye alikuwa amefunga bendeji kifundo cha mkono. Alikitegua alipokuwa akinyanyua sufuria la kastadi shuleni. Kilipona kabla maua hayajachanua, ila bendeji ilimpa joto na kumsaidia kushika vijiti vizuri, akaizoea, akawa haivui. Nev alisikia vijiti vimepungua kasi. Akaiona bendeji. Akajisemea, masikini Glenda, mkono umekwisha. Akavuta gitaa nyuma kidogo ili asimchoshe. Na Glenda aliposikia gitaa linavuta nyuma, akajisemea, masikini Nev, moyo umekwisha. Akapunguza tena. Wako wawili tu, hawana wa tatu wa kuwaamua. Basi ikawa hivyo, mwaka baada ya mwaka, kila mmoja anampunguzia mwenzake, na kila mmoja anaona kupunguza kwa mwenzake ni ushahidi wa ugonjwa. Na kuulizana? Thubutu! Walikuwa na kanuni.

Nyimbo zikawa nzito kama gari la kukokotwa na punda. Ajabu ni kwamba watu walisifu. Vijarida vya panki viliandika kwamba Makombo wamekomaa. Glenda alipoisoma hiyo alikitupa kijarida kwenye kapu la taka.

"Kukomaa ni kwa parachichi," alisema peke yake jikoni.

Alianza kuyachukia mazoezi ya Alhamisi. Akikaa kwenye ngoma alihisi kama amesindikiza maiti, halafu anaambiwa atembee polepole zaidi. Na alimhurumia Nev, akaona kwamba anamlazimisha mgonjwa kusimama jukwaani kwa sababu tu hataki kumvunja moyo. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa neno "basi". Ataibeba yeye lawama, Nev apumzike, na hataulizwa.

Onyesho lenyewe lilikuwa la mchana, katika ukumbi wa klabu ya zamani ya watu wa gati, ili hata wenye watoto waje. Mwandaaji alikuwa Dougie, jamaa mnene mwenye michoro mpaka shingoni, naye alikuwa jikoni anakoroga dengu. Ngoma kubwa zilikuwa za bendi ya kwanza, na kila mpigaji alikuja na vyake vinavyovunjika, yaani ngoma ndogo, matoazi na kikanyagio. Huo ndio ustaarabu wao, huazimi vya mtu vinavyovunjika. Glenda aliviweka vyake pembeni ya ukuta, akaenda kwenye meza ya fulana alikokaa Tina, mke wa Nev.

Tina alikuwa mwanamke mfupi, mdomo mkali, msusi wa nywele kwa kazi. Muziki wa panki hakuupenda hata siku moja, lakini meza ya fulana ilikuwa yake tangu wameoana, na ole wako uguse fulana bila kununua.

"Umenuna nini, mwenzangu?" aliuliza. "Una uso wa mtu aliyekunywa siki."

Glenda hakutaka kusema. Lakini Tina hakuwamo katika kanuni, na kifua kilikuwa kimejaa.

"Leo ndiyo mwisho, Tina. Tukimaliza namwambia Nev basi."

Tina akaacha kukunja fulana. "Basi nini?"

"Basi bendi. Siwezi kumwona anateseka vile. Anajikongoja, Tina. Kila wimbo anavuta nyuma, nami nampunguzia, na bado anavuta. Moyo wake hauwezi tena, mimi na wewe tunajua, yeye hataki kusema."

"Nev yupi?"

"Nev wako!"

"Nev wangu anaendesha baiskeli mpaka Hornsea kule pwani kila Jumamosi, anakula aiskrimu, anarudi. Daktari amemwambia asimwone tena mpaka atakapovunjika mguu." Tina akamtazama kwa macho ya kutoamini. "Na anajifungia kwenye kibanda cha bustani anapiga zile nyimbo zenu upesi upesi, mpaka jirani anagonga ukuta kwa fagio. Nikamwuliza, mbona jukwaani mnapiga kama mnachunga kobe? Akaniambia ni mkono wako. Ati mkono wa Glenda umekwisha, usimwambie, ataona haya."

Glenda akautazama mkono wake na ile bendeji, kama vile ni wa mtu mwingine.

"Mkono wangu ni mzima," alisema.

"Mzima?"

"Tangu mwaka ule ule. Hii naivaa tu."

Tina alikaa kitini pu! Akaanza kucheka, akajizuia alipoona Glenda hacheki. "Miaka sita," alisema. "Miaka sita mnachumbiana kwa kupunguziana mwendo! Mungu anisamehe, nimeishi na wapumbavu wengi, lakini nyie wawili mmevunja rekodi. Kwa nini hamkuulizana?"

"Hatuulizani."

"Hamuulizani! Mngekuwa mmeoana mngekufa njaa, kila mmoja anadhani mwenzake ameshiba."

Glenda alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Alifikiria Alhamisi zote zile alizorudi nyumbani akiwa amenyong'onyea, kumbe upande wa pili wa mji Nev naye anafungua kibanda chake apige peke yake kile ambacho wangekipiga pamoja. Ikamuuma sana. Dougie akatoa kichwa jikoni akapaza sauti, "Makombo! Zamu yenu, wazee!" na Nev alikwisha kuvaa gitaa, akawa anamngoja, hajui lolote.

Ukumbi haukuwa na jukwaa. Walisimama sakafuni pamoja na watu, na Nev, kama kawaida yake, alisimama ubavu kuelekea kwenye ngoma ili amwone Glenda. Glenda akaketi. Akaifungua bendeji, mzunguko baada ya mzunguko, akaitupa nyuma ya spika. Nev akaona. Nyusi zikapanda. Glenda akanyanyua vijiti akagonga mara nne, kwa kasi ile ya zamani, ile ya makopo ya rangi.

Lo! Nev alikuwa bado yuko kwenye mwendo wa jeneza. Gitaa likaanza huku, ngoma ilikwisha fika kule, wimbo ukagongana wenyewe kwa wenyewe, ukaanguka chini kwa kishindo. Watu wakacheka na kupiga miluzi.

"Babu, umesahau miwani?" kijana mmoja alipaza sauti.

"Ya kusikilizia!" akamjibu mwingine.

Nev hakuwajali. Alisogea mpaka kwenye ngoma, akainama. "Mkono," alisema. Hakuuliza, alisema tu.

"Niulize, Nev."

"Nini?"

"Niulize kitu. Chochote. Tangu tufahamiane hujaniuliza kitu."

Nev akageuka akamtazama mkewe kule mezani, na Tina akamwashiria kwa kijiko cha dengu alizokuwa anakula: haya, endelea. Akamgeukia Glenda.

"Mkono wako hauumi?"

"Hauumi. Uliuma baridi ile moja tu. Na moyo wako?"

"Moyo wangu? Una bomba jipya! Una afya kuliko mimi mwenyewe." Kidogo kidogo uso ukaanza kubadilika. "Ngoja. Wewe ulikuwa unagonga taratibu kwa ajili yangu?"

"Na wewe ulikuwa unavuta kwa ajili yangu."

"Glenda, wewe ni mjinga."

"Wewe umenizidi."

"Ombaneni msamaha, tuna basi la kuwahi!" akapaza sauti yule kijana, na ukumbi ukaangua kicheko.

Nev akarudi mahali pake. Glenda akagonga vijiti tena, kasi ileile, na safari hii gitaa lilikuwepo pale pale, bega kwa bega. Jamani, walipiga! Walipiga wimbo wa mwenye nyumba, wakaunga wa mvua bila hata kuvuta pumzi, wakaunga wa mbwa, wakaunga wa ofisi ya ajira. Dougie alitoka jikoni na mwiko mkononi. Wale vijana waliokuwa wanawacheka walisahau kucheka, wakawa wanarukana na kupigana vikumbo. Glenda alihisi wimbo unakaribia kuanguka, ukapepesuka, hauanguki, akapiga ukelele kwa furaha, mwanamke mzima mwenye wajukuu wa dada yake.

Wimbo wa nne ulipokwisha, Nev aliinua mkono. Akakaa juu ya spika yake, uso mwekundu, mdomo wazi. Glenda aliruka kutoka kwenye ngoma, akaangusha toazi, akapiga magoti mbele yake.

"Ni moyo? Nev! Ni moyo?"

Nev akatikisa kichwa. "Ni uzee," alisema alipoipata pumzi. "Nina karibu miaka sitini, mwanangu. Nimechoka kihalali. Wewe je?"

Glenda akajipima. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alijipima kweli, hakudanganya. "Mabega yanawaka moto," alisema. "Na mkono sasa ndio unauma."

"Orodha ilikuwa na nyimbo ngapi?"

"Nyingi mno."

"Basi hizi nne ndizo zetu. Nne za kweli."

Akasimama akakiendea kipaza sauti. "Tumemaliza," akawaambia watu. "Kaleni dengu." Wengine walizomea, wengine walipiga makofi mpaka viganja vikawaka, na Tina aliuza fulana kuliko siku nyingine yoyote.

Walipotoka nje mvua ilikuwa imekatika. Nev alibeba ile ngoma ndogo, Glenda matoazi, Tina nyuma na sanduku la fulana. Kwenye mlango wa gari Nev akasimama.

"Tina ananiambia ulikuwa na neno."

"Nilitaka kusema basi."

Nev akashusha macho. Zamani angesema "haya" na mambo yangeishia hapo. Alihangaika na mkanda wa ile ngoma, halafu akalitoa swali, kwa shida, kama mtu anayesema lugha ya kigeni. "Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa nakukosa, Nev. Umesimama mbele yangu kila Alhamisi, nami nakukosa. Nilidhani umekwisha kuondoka, umebakia mwili tu, nami ndiye ninayeuzuia usipumzike." Akayabana matoazi kifuani. "Miaka sita yote tumeipoteza kwa kuoneana huruma."

"Hatukuipoteza," Nev alisema. "Tuliipiga polepole."

Alitaka iwe mzaha, lakini haikutoka kama mzaha. Akaiweka ngoma chini kwenye maji ya mvua, akafunika uso kwa mikono yote miwili na kulia, waziwazi, mbele ya mkewe na mbele ya watu waliokuwa wanatoka ukumbini. Glenda akamkumbatia, matoazi yakalia kati yao, naye akalia. Walisimama hivyo mpaka Tina akawaambia kwamba gari halijipakii lenyewe.